Land Rover Series III: alteneta inatoa volti 14.3, betri inapata 12.8. Zinapotelea wapi?

#1 Mwana_Mikindani
Wakuu, habari zenu. Gari ni Land Rover Series III 109, petroli, injini ya 2.25, alteneta Lucas 16ACR. Linalala Mikindani, karibu kabisa na maji.

Asubuhi stata haina nguvu. Betri ya kwanza, N70, ilikufa. Ya pili ina miezi minne na imeanza yale yale. Taa ya chaji inazima nikipiga resi, lakini usiku nikiwasha taa kubwa inabaki na wekundu hafifu, kama kaa la sigara inayoelekea kuzimika. Mchana huwezi kuuona.

Vipimo, injini ikiwa resi ya kati na taa kubwa zimewaka: nyuma ya alteneta 14.3, kwenye nguzo za betri 12.8. Mkanda ni mpya. Fundi mmoja kasema alteneta imekufa, mwingine kasema betri ni feki. Hiyo volti moja na nusu iko wapi?

#2 Spana_Kumi_na_Tatu
Mkanda mpya ndio wa kushuku kwanza. Unatanuka siku za mwanzo, kwa hiyo ulioufunga ukiwa mkavu na mgumu, baada ya safari mbili za Lindi umeshalegea. Bonyeza kwa dole gumba katikati ya puli ya alteneta na puli ya feni: uingie kama milimita 10. Kisha angalia mfereji wa puli. Mkanda wa V unashika kwa ubavu. Ukikuta chini ya mfereji panang'aa, mkanda umezama na unateleza, hata ukiukaza mpaka beringi ilie.

#3 Mzee_wa_Dainamo
Vijana mnahangaika na mita. Washa gari, likishaunguruma chomoa teminali ya negativu ya betri. Likizima, alteneta haichaji. Likiendelea, betri ndiyo mbovu. Na kama haichaji, chukua waya kutoka pozitivu ya betri uguse teminali ya F (ya koili ya usumaku) mara mbili tatu, usumaku unarudi.

#4 Bi_Ampea
Shikamoo mzee. Mleta mada, tafadhali usifanye hata kimoja kati ya hivyo viwili kwenye gari hilo.

Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa injini ikienda, mzigo unaondoka ghafla wakati roto (sumaku inayozunguka ndani ya alteneta) bado ina usumaku wake wote, na volti zinaruka juu kuliko dayodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu) na regyuleta (kidhibiti volti) zinavyostahimili. Gari linaweza kuendelea kuunguruma ukafurahi, kumbe umeshaua kitu. 16ACR nyingi zina kidayodi cha kinga nyuma, chenye waya mmoja. Kazi yake ni kuumeza mruko huo. Kikishaumeza kinaweza kubaki kimeshoti, na hapo alteneta haichaji kabisa, watu wananunua nyingine. Ukichomoa waya wake chaji ikarudi, umejua ni hicho.

Kuhusu F: 16ACR haina F ya kugusa kwa nje. Roto inapata umeme wa kuanzia kupitia taa ya chaji yenyewe, balbu ya wati 2.2. Balbu ikiungua, au mtu akiweka ya LED, alteneta inaweza isiamke mpaka upige resi kubwa.

#5 Mzee_wa_Dainamo
Marahaba binti. Kwa ACR nakubali. Lakini wapo humu wenye Series II na dainamo ya C40 (jenereta ya kabla ya alteneta), waandike hii pembeni. Chomoa nyaya za D (umeme unapotokea) na F kwenye dainamo. Unganisha teminali hizo mbili kwa kipande cha waya, mita iwe kati ya kipande hicho na bodi ya dainamo. Panda polepole hadi mizunguko kama 1,000 kwa dakika. Volti zipande bila kuyumba, na usiziache zipite 20. Mita ikikaa sifuri, tazama brashi. Ikikupa volti 1 tu, koili za filidi. Ikikupa 4 au 5, amecha (koili zinazozunguka). Kama dainamo ni nzima, rudi kwenye katauti (kisanduku cha kudhibiti chaji), RB106, usafishe pointi zake. Na kugusa F kwa C40 bado ni sahihi, kwa waya wa nguzo ya betri isiyofungwa kwenye bodi, waya wake wa F ukiwa umechomolewa.

#6 Chumvi_ya_Msimbati
Turudi kwa mleta mada. Ametoa jibu mwenyewe kwenye swali: 14.3 inatoka, 12.8 inafika. Alteneta ni nzima. Kinachokula ni njia.

Huku kwetu upepo wa kusi unabeba chumvi hadi ndani ya boneti. Land Rover ina bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, na kwenye kila kiungo kuna shaba ya kituo cha waya. Metali tatu tofauti, unyevu wa chumvi katikati: zinakulana. Usidanganywe na plastiki ya nje ya waya. Kata kituo cha waya wa kahawia (waya mkuu wa chaji), uumenye: ukikuta shaba nyeusi au unga wa kijani, rudi nyuma sentimita mbili mbili mpaka uone wekundu wa shaba. Usipouona, badilisha waya mzima.

Pima hivi. Injini resi ya kati, taa kubwa zimewaka, mita kwenye volti za DC. Ncha moja kwenye teminali ya pozitivu ya alteneta, nyingine kwenye nguzo ya risasi ya pozitivu ya betri. Nguzo yenyewe, siyo kile kibano. Isizidi 0.5. Kisha bodi ya alteneta hadi nguzo ya negativu: isizidi 0.25. Tuletee namba mbili.

#7 Dayodi_Tatu
Mkuu #6, umekimbia. Wekundu wa ile taa ni alama ya dayodi. Taa ina ncha mbili: moja inapata umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, nyingine imeungwa IND (teminali ya taa hiyo kwenye alteneta) kwa waya wa kahawia wenye mstari wa njano, na IND inalishwa na dayodi tatu ndogo. Ncha zote zikiwa na volti sawa, taa inazima. Dayodi moja ndogo ikikatika, IND inashuka mzigo ukiongezeka, ndiyo maana anauona usiku tu. Na dayodi kubwa ikivuja, betri inajimwaga kupitia alteneta usiku kucha. Dalili zote mbili hizo hapo.

Kipimo cha haraka: mita kwenye volti za AC, ncha kwenye nguzo za betri, injini resi ya kati. Chini ya 0.5, dayodi ziko salama. Juu ya hapo, fungua alteneta.

#8 Chumvi_ya_Msimbati
@Dayodi_Tatu waya mkuu ukipoteza volti moja na nusu, taa hiyo hiyo inawaka hafifu hivyo hivyo. IND iko 14.3, upande wa swichi uko 12.8. Balbu haijui nani kakosea.

#9 Korosho_Express
Naomba nami nichomekee. Kuna mtu amejumlisha mzigo? 16ACR ni ampea 34, tena kwa resi ya juu. Kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) hupati hata nusu. Taa kubwa mbili za wati 60 ni ampea 10, taa ndogo na za dashibodi 2 na kitu, koili ya kuwashia injini 3 au 4, waipa 3. Tuseme 20. Zinatosha. Lakini msimu wa korosho wengi wanafunga spoti za wati 100 mbele, mbili. Hizo ni ampea 16 nyingine. Hapo umefika 36, na betri ndiyo inachangia. Mkuu, gari lina taa za ziada?

#10 Mwana_Mikindani
Shukrani wote. Halina spoti. Lina taa zake tu na redio. Kesho napima.

#11 Kitangari_109
Samahani kwa kuhamisha mada kidogo. Nina Series IIA ya kabla ya 1967, dainamo, bodi ni pozitivu (nguzo ya pozitivu ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi). Naweza kuweka 16ACR moja kwa moja?

#12 Bi_Ampea
Unaweza, ila polariti lazima uigeuze kwanza: 16ACR ikipewa betri kinyume, dayodi zinaungua papo hapo, hupati nafasi ya kujuta. Geuza betri, bodi iwe negativu. Badilishana nyaya mbili ndogo za koili. Geuza nyaya za ampmita, la sivyo itakusomea chaji kama matumizi. Kama redio ni ya zamani ya bodi pozitivu, iondoe kabla hujawasha chochote.

Kwenye katauti, nyaya za A na A1 ziunganishe pamoja na waya mpya mnene kutoka alteneta. Waya mwembamba wa taa, kahawia na njano, uende IND. F na E zifunge kwa tepu, huzihitaji tena. Ampmita ya 30 ile, angalia nyaya zake za nyuma, kwa sababu chaji yote ya ampea 34 itapita humo.

#13 Mzee_wa_Dainamo
Au ubaki na C40 yako. Ni ampea 22, haina dayodi ya kufa, na brashi zake fundi anazibadilisha chini ya mwembe.

#14 Spana_Kumi_na_Tatu
Mzee, dainamo imekukaa moyoni. Ampea 22 kwenye sailensa inazaa sifuri, na mvua za Februari unahitaji waipa na taa pamoja.

#15 Familiale_504
Kwa wenye Peugeot 504 zenye regyuleta ya pembeni, hii habari ya ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) inakuja kinyume. Regyuleta imefungwa kwenye bodi. Ethi yake ikiliwa na kutu, inaona volti chache kuliko zilizopo, inaamuru alteneta iongeze. Unakuta 15.5 au 16 kwenye betri, maji ya betri yanakauka kila wiki, balbu zinaungua. Kwa hiyo siyo kila chumvi inapunguza chaji.

#16 Mwana_Mikindani
Nimerudi na namba. Injini resi ya kati, taa kubwa zimewaka.

Pozitivu ya alteneta hadi nguzo ya pozitivu: 0.4
Bodi ya alteneta hadi nguzo ya negativu: 1.1
AC kwenye betri: 0.3
Ufunguo umetoka, kibano cha negativu kimechomolewa na mita imekaa katikati: ampea 0.90
Nikichomoa plagi ya alteneta: ampea 0.25

Plagi ilikuwa haina kile kibanio cha waya, na pini moja kubwa imegeuka rangi ya kahawa, plastiki yake imelainika.

#17 Chumvi_ya_Msimbati
0.4 na 1.1 ni 1.5. Hesabu imefunga, na kubwa iko upande wa ethi. Sasa igawanye: bodi ya alteneta hadi bloku ya injini, bloku hadi chesisi, chesisi hadi nguzo ya negativu. Na hiyo pini iliyoungua ibadilishe hata kama 0.4 inaruhusiwa. Plagi isiyo na kibanio inatikisika, inapata cheche, inapata moto. Chomoa betri kwanza kabla ya kuigusa, waya wa kahawia una umeme muda wote na hauna fyuzi.

#18 Dayodi_Tatu
Hongera kwa hesabu, lakini angalia unachokisema. Upotevu wa upande wa ethi hauwashi taa ya chaji. Taa haigusi bodi popote. Iko kati ya IND na swichi. Kinachoweza kuiwasha ni ile 0.4 ya pozitivu tu, na balbu ya volti 12 kwa 0.4 haitoi hata wekundu. Kwa hiyo taa yake bado haijaelezwa. Na kuna ampea 0.65 zinazopita ndani ya alteneta gari limelala. Dayodi.

#19 Bi_Ampea
Dayodi_Tatu yuko sahihi kuhusu ethi na taa, na mimi ningeongeza mtuhumiwa: swichi ya ufunguo. Pointi zake zikilika, upande wa swichi wa taa unaweza kuwa volti moja au zaidi chini ya betri, na balbu ikawaka hafifu hali alteneta haina kosa. Pima kwenye waya mweupe wa koili, ufunguo umefunguliwa, ulinganishe na nguzo ya betri. Tofauti ikipita nusu volti, swichi au viunganishi vyake.

Lakini hiyo 0.65 siitetei.

#20 Korosho_Express
Piga hesabu ya usiku. Ampea 0.9 mara saa 12 ni ampea-saa 11. N70 ina 70. Betri iliyojaa haiwezi kufa kwa hilo usiku mmoja. Inakufa kwa sababu haijai: 12.8 injini ikienda maana yake inapata kidogo mno. Kwanza tibu chaji. Pima betri baada ya kulala saa kadhaa bila mzigo: 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 robo imeondoka, 12.2 nusu, 12.0 umebaki na robo.

#21 Spana_Kumi_na_Tatu
Na hidrometa (kipima uzito wa asidi ya betri). Seli zote 1.270 hadi 1.290. Ikiwepo seli moja iliyoachana sana na wenzake, ni betri.

#22 Bi_Ampea
@Spana hizo ni namba za nchi za baridi. Vitabu vya Lucas vyenyewe vinatenganisha: kwa nchi za joto la zaidi ya nyuzi 27, betri iliyojaa ni 1.210 hadi 1.230, maana asidi huwekwa nyepesi. Mtu wa Mtwara akipima betri iliyojazwa hivyo akakuta 1.225, akaambiwa imekufa, ameibiwa. Ulinganifu wa seli ndio wa kutazama, hapo nakubali.

#23 Mwana_Mikindani
Mgawanyo wa ethi: alteneta hadi bloku 0.8, bloku hadi chesisi 0.1, chesisi hadi nguzo 0.2.
Betri baada ya kulala, kibano kimechomolewa: 12.15. Seli sita zote ziko sawa.
Waya mweupe wa koili: 0.6 chini ya betri.

Bano la alteneta limepigwa rangi nyeusi pande zote, nyuma na chini ya nati. Inaonekana lilipakwa injini iliposhushwa.

#24 Chumvi_ya_Msimbati
Rangi! Toa boliti, piga msasa bano mpaka chuma cheupe, na mahali linapokalia kwenye bloku vilevile, na masikio ya alteneta. Rudisha kukiwa kukavu, kaza, halafu ndipo upake grisi kwa nje kuzuia hewa ya bahari. Ukitaka usilale na wasiwasi, funga waya mnene kutoka bodi ya alteneta moja kwa moja hadi nguzo ya negativu. Milimita mraba 6 inatosha: mita moja na nusu ya waya huo kwa ampea 34 inapoteza kama 0.15 tu. Usitumie waya mgumu wa nyumba, unakatika kwa mtikisiko. Waya wa kuchomelea ndio mzuri, una nyuzi nyingi nyembamba.

#25 Familiale_504
Na zile 0.3 za bloku hadi nguzo msizidharau kwa kuwa ni ndogo. Hiyo ni kwa ampea 20 hivi. Stata inapita njia hiyo hiyo ikivuta 200. Mara kumi: volti 3 zinabaki njiani kati ya 12. Inawezekana kabisa betri ya kwanza haikuwa imekufa. Jaribu hivi asubuhi: ikigoma, chukua kebo ya busti, unganisha nguzo ya negativu na bloku ya injini, bila betri ya pili. Stata ikipata nguvu, ni kebo ya ethi.

#26 Dayodi_Tatu
Tumerudi kwenye ethi wote, na zile 0.65 zimeachwa. Volti 12 na ampea 0.65 ni karibu wati 8. Wati 8 lazima zitoe joto mahali. Mleta mada, kabla ya kuwasha asubuhi shika alteneta kwa kiganja: ikiwa na uvuguvugu wakati bloku ni baridi, dayodi kubwa inavuja, umeme unapita hadi IND, regyuleta inafungua, roto inakula. Shika spana ndogo karibu na alteneta, nyuma ya puli, ufunguo ukiwa mfukoni. Roto yenye umeme inaivuta.

#27 Bi_Ampea
Roto ina usumaku mabaki daima, itaivuta kidogo hata ikiwa haina umeme. Pima mara mbili: plagi ikiwa ndani, kisha ikiwa nje. Tofauti ndiyo jibu. Na gizani kabisa, ufunguo umetoka, tazama taa ya chaji. Dayodi kubwa ikishoti inaiwasha kwa nyuma.

#28 Chumvi_ya_Msimbati
Au ni vumbi la barabara ya Newala lililochanganyika na chumvi juu ya dayodi. Toa kifuniko cha nyuma, osha kwa petroli safi na brashi laini, anika juani.

#29 Dayodi_Tatu
Utando wa chumvi upitishe wati 8 usikauke? Ungechemka ukakauka dakika ya kwanza.

#30 Mwana_Mikindani
Bano limepigwa msasa, plagi ina pini mpya, waya wa ethi umefungwa. Taa kubwa zimewaka: alteneta 14.2, betri 13.9. Ahsanteni sana.

Wekundu wa taa umepungua, ila bado upo. Spana inavutwa sawa plagi ikiwa ndani au nje. Alteneta asubuhi ni baridi. Taa haiwaki ufunguo ukitoka. Lakini ampea 0.65 ziko pale pale.

#31 Dayodi_Tatu
Ilikuwa baridi ulipopima. Dayodi nyingine zinavuja zikiwa na moto tu. Endesha hadi Mingoyo na kurudi, zima, pima papo hapo.

#32 Bi_Ampea
0.65 ni za alteneta baridi, mkuu, kasoma asubuhi. Kama roto haina umeme, kitu kingine kinachokaa kati ya pozitivu na bodi ni kapasita ya kuzuia makelele ya redio, kile kikopo kidogo nyuma ya alteneta chenye waya mmoja. Chomoa waya wake tu, acha plagi ndani, usome ampea.

#33 Korosho_Express
Na zile 0.25 nyingine? Hizo ni wati 3, sawa na kitaa kimoja. Redio imeungwa wapi?

#34 Mwana_Mikindani
Redio imeungwa moja kwa moja kwenye waya wa kahawia. Kapasita nimeiona, waya wake umeshika kutu, nati ya 8 imelika kona. Natafuta spana ya pete.